Pompe ya maji ya nyumbani: pimeni kwanza, nunueni kiisha



Kila mwaka mambo ni yale yale. Mwezi wa 6 unafika, mvua inakatika, maji ya visima yanashuka, na bustani za lengalenga, ngaingai na nyanya zinaanza kukauka. Hapo ndipo tunapata ulizo moja ku mikutano yote, Alunguli sawa vile Kasuku na Mikelenge: "Pompe gani iko muzuri?" Wengine wamekwisha kuweka makuta kando. Wengine wamekwisha kununua, na pompe inalala ndani ya depo juu ilitumika siku tatu tu, kiisha ikanyamaza.

Sisi ni watu wa kilimo, si mafundi ya umeme. Lakini hesabu ya pompe ndogo ni hesabu ya masomo ya msingi. Mwenye kamba, bidoni na saa ya telefone anaweza kuifanya yeye mwenyewe. Jibu letu kwa lile ulizo ni kwamba hakuna pompe nzuri wala mbaya mbele ya kupima. Inabidi mujue maji iko chini mita ngapi, kisima kinaleta maji kiasi gani kwa saa, maji yatatembea umbali gani paka ku tanki, na umeme utatoka wapi. Mwenye kuingia ku magazini bila kujua haya, muuzaji ndiye atamuchagulia, na muuzaji anachagua ile iko naye.

Pompe haivuti maji

Tunasema pompe "inavuta" maji. Hiyo ni kusema tu. Pompe iliyo juu ya ardhi inapunguza hewa ndani ya tiyo, basi uzito wa hewa ya inje unakandamiza maji ya kisima na kuyapandisha. Ni sawa na mtoto anayekunywa soda na mrija. Na uzito wa hewa una mwisho wake. Pembeni ya bahari hewa inaweza kupandisha maji mita 10 na kidogo, haizidi pale, hata pompe ikiwa ya bei gani. Mwitaliano Evangelista Torricelli alieleza jambo hilo mwaka wa 1644, na tangu siku hiyo hakuna kiwanda kilichopata njia ya kulipita. Mji wetu wa Kindu uko karibu mita 500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo ukomo unashuka chini ya mita 10. Toeni tena hasara ya klape, ya kona za tiyo na ya hewa inayopenya ku maungio. Kwa kazi ya kweli hesabuni mita 7, na sisi tunapenda zaidi kusema 6.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kutoka pahali pompe itakaa paka ku uso wa maji. Fungeni jiwe ku kamba, mulishushe, mupime sehemu iliyobaki kavu. Lakini angalieni siku munayopima. Kisima kinachoonyesha mita 4 mwezi wa 4, wakati mvua ingali inanyesha, kinaweza kuonyesha mita 7 ao 8 mwezi wa 8. Pompe iliyofurahisha watu wakati wa masika inakuwa bubu wakati wa kiangazi, na ni kiangazi ndicho tulichoinunulia. Mupime mwezi wa 8, jioni, kiisha jamaa na majirani wote kuteka. Kama munapima wakati mwingine, ulizeni mwenye kuchimba kile kisima, ao mama mwenye kuteka hapo kila siku: yeye anajua kamba inaongezwa mafundo mangapi mwaka ukikauka.

Na hapa tunaomba musimame kidogo, maana kuna jambo linaloua watu.

Maji yakishuka kupita mita 7, motopompe ya esansi iliyo juu inashindwa. Basi mtu mwenye akili anawaza: tuishushe ndani ya kisima, iwe karibu na maji. Wanachimba kijukwaa ku ukuta wa kisima, wanashusha moteri, wanaiwasha. Moshi wa esansi una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ndani ya kisima hakuna upepo wa kuiondoa. Dakika chache zinatosha: mtu anasikia kichwa kuuma, miguu inaregea, anaanguka. Wa pili anashuka kumuokoa na yeye anaanguka. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, anayekufa si mmoja. Moteri ya esansi ao ya mazutu isiingie kisimani hata siku moja, hata kwa "dakika tano tu", na kisima ambamo moteri ilikuwa inawaka mtu asishuke ndani hata kama imekwisha kuzimwa. Mtu akianguka mule, muiteni kwa sauti, muvute kwa kamba kama alijifunga kamba, lakini musimufuate.

Kwa kisima cha zaidi ya mita 7 kuna njia tatu za haki. Ya kwanza ni pompe ya kuzama, ile inayokaa ndani ya maji na kusukuma toka chini. Yenyewe haitegemei uzito wa hewa, kusukuma kwake kuna mwisho paka ku nguvu ya moteri. Ya pili ni pompe ya mkono ao ya kamba, ambayo haiombi umeme wala esansi. Ya tatu ni ndoo, na tusiichekelee: kisima chenye kutoa bidoni kumi kwa siku hakistahili pompe ya dola mia mbili.

Kisima kinalipa kiasi gani?

Kuna pompe zinazokufa juu ya maji kukosekana, si juu ya ubaya wao. Pompe inapozunguka bila maji, mpira wa kuziba unaowekwa ku ekseli yake unapata moto na kuungua, maana maji ndiyo yanaupoza. Dakika chache na imekwisha.

Kupima ni rahisi. Asubuhi, tieni alama ku kamba pahali uso wa maji ulipo. Tekeni kwa nguvu, watu wawili watatu, paka maji yashuke nusu mita ao zaidi. Acheni saa moja, kiisha mupime yamepanda sentimita ngapi. Kisima cha mviringo chenye upana wa mita 1,20 kinabeba karibu litri 113 kwa kila sentimita 10. Tuseme yamepanda sentimita 20 kwa saa: kisima kinalipa litri 226 kwa saa, ndiyo bidoni 11 hivi.

Sasa angalieni pompe ndogo ya soko, yenye kusukuma litri 30 kwa dakika. Hiyo ni litri 1800 kwa saa. Kama kisima kina mita moja ya maji, karibu litri 1130, pompe itakikausha kwa dakika 45, kiisha itaanza kuvuta udongo na hewa. Watu watasema kisima ni kibaya. Si kweli. Kisima kile kile, kwa siku nzima na usiku wake, kinaleta zaidi ya litri 5000. Jamaa ya watu 8 wakitumia litri 30 kila mmoja, na bustani ya mita 200 za mraba ikipewa litri 5 kwa kila mita, ni karibu litri 1250 kwa siku. Kisima kinatosha kabisa, ila kinaomba pompe ndogo yenye kufanya kazi pole pole saa nyingi, na sisi tunakiletea kubwa yenye haraka.

Hii ndiyo sababu tunawakataza kukimbilia nguvu ya farasi. Pompe kubwa zaidi haizalishi maji.

Kama pompe kubwa imekwisha kununuliwa, funga kiboya cha umeme, kile kinachozima moteri maji yakishuka. Bei yake ni ndogo kuliko moteri mpya. Na mdomo wa tiyo usifike chini kabisa: acheni nusu mita ili musinywe matope.

Namba mbili ku kibati

Ku kila pompe kuna kibati chenye maandishi. Munaona, kwa mfano, "H max 40 m" na "Q max 40 l/min". Wengi wanasoma hivi: pompe hii inapandisha litri 40 kwa dakika paka mita 40. Hapana. Namba hizi mbili hazikutani hata siku moja. Ku mita 40 pompe inasukuma bure, hakuna hata tone linalotoka. Litri 40 inazitoa tu wakati hakuna kupanda hata kidogo, tiyo ikiwa fupi na kulala chini. Kazi ya kweli iko katikati: nusu ya urefu kwa nusu ya maji, hivi karibu. Ombeni muuzaji karatasi yenye mstari unaoonyesha maji ku kila urefu. Kama hana, gaweni namba zote kwa mbili na mununue kwa hesabu hiyo.

Tiyo nyembamba inakula urefu

Tuchukue nyumba moja, mfano tu. Kisima kina maji ku mita 6 wakati wa kiangazi. Tanki limewekwa juu ya mbao, mdomo wake uko mita 4 juu ya ardhi. Kupanda kwa kweli ni mita 10. Lakini tanki liko mita 60 mbali na kisima, na maji yanayokimbia ndani ya tiyo yanajisugua ku ukuta wake. Kusugua huko ni kama mlima mwingine ambao macho hayaoni.

Kwa litri 30 kwa dakika, ku tiyo laini ya plastiki yenye tundu la milimita 20, zile mita 60 zinakula urefu wa mita 10 nyingine. Pompe inafanya kazi kama ya kupanda mita 20, wakati nyumba iko ku mita 10. Tiyo yenye tundu la milimita 27 inakula mita 2 na kidogo tu. Na lile tiyo la kumwagilia maua, lenye tundu la milimita 13? Lingeomba mita 80. Hakuna pompe ya nyumbani inayokubali hesabu hiyo, kwa hiyo maji yanatoka machache, mtu anadhani pompe imeharibika, anaenda kununua kubwa zaidi.

Mukipunguza tundu kwa nusu, kusugua kunazidi karibu mara 30 kwa maji yale yale. Tunalirudilia mara nyingi ku mafunzo juu ni pale watu wanataka kuchunga makuta, na ni pale wanayapoteza kila siku kwa esansi. Upande wa kuvuta, kati ya kisima na pompe, musiweke hata siku moja tiyo nyembamba kuliko mdomo wa pompe, wala tiyo laini inayojikunja ndani ikivutwa. Maungio ya upande huo yafungwe na utepe mweupe wa mafundi. Tundu dogo la hewa ambalo halivujishi hata tone linatosha kuzuia pompe isipande. Na ku mwisho wa tiyo, ndani ya maji, lazima klape yenye chujio, ili maji yasirudi kisimani pompe ikizimwa. Bila klape inabidi kujaza pompe maji kila asubuhi, na siku mtoto akisahau, ni ule mpira unaoungua.

Umeme: hesabu ya waya

Moteri ya umeme, wakati wa kuamka, inaomba umeme mara 5 ao 6 kupita ule wa kutembea. Pompe ya nguvu ya farasi moja, yenye kutembea na ampere 5 na nusu, inaamka na karibu 30. Ni sekunde moja ao mbili, lakini ndiyo sekunde inayoamua yote.

Sasa ongezeni waya. Tuseme nyumba ina umeme, kisima kiko mita 60, na mtu amevuta waya mwembamba wa taa, wa milimita 0,75 za mraba. Tuseme tena kwamba saa za jioni, watu wote wakiwa wamewasha, volti zimeshuka kutoka 220 paka 180. Pompe ikijaribu kuamka, ku mwisho wa waya zinafika volti 130 hivi. Na nguvu ya moteri kuamka haipunguki sawa na volti, inapunguka zaidi: kwa volti 130 inabaki karibu theluthi moja. Moteri inanguruma bila kuzunguka. Mutu anasema "inajaribu". Haijaribu, inaungua: inaendelea kula ule umeme mwingi wa kuamka, na waya za ndani zinayeyuka kwa dakika chache. Mukisikia pompe inanguruma bila kuzunguka, zimeni papo hapo.

Kwa umbali huo wekeni waya wa milimita 4 za mraba. Hapo volti 168 hivi zinafika ku kuamka, nguvu inapita nusu, na pompe nyingi zitazunguka. Kama umeme wenu unashuka chini ya volti 180 mara nyingi, waya mnene peke yake hauponyeshi. Pompeni usiku wa manane ao alfajiri, wakati watu wamelala na volti zimepanda. Kipima-volti kidogo si ghali, na koperative moja inaweza kuwa na kimoja cha kuazimana.

Juu ya gurupe, ndiyo jenereta, watu wanadanganyika sana. Kale kagurupe kadogo ka esansi na oili kanawasha taa, kanachaji telefone, kanaonyesha mpira. Hakaamshi pompe ya farasi moja. Kwa pompe hiyo hesabuni gurupe ya kilovoltampere 2,5 ao 3, na kwa ya farasi nusu karibu 1,5. Ni bei ingine na ni esansi ingine. Ndiyo maana, kwa mwenye kutegemea gurupe, mara nyingi motopompe ya esansi yenyewe ni rahisi zaidi: kugeuza esansi kuwa umeme, kiisha umeme kuwa mwendo, ni kulipa njia mara mbili.

Maji na umeme vikiwa pamoja, kinga ni hizi. Disjonkteri ya aina inayokata kwa miliampere 30, yaani inayoona umeme ukipotea ndani ya mwili wa mutu na kukata mbele ya moyo kusimama. Ile ya kawaida inalinda waya, haiwalindi ninyi. Waya wa ardhi uliofungwa ku mwili wa pompe na ku chuma kilichopigwa ndani ya udongo wenye unyevu. Maungio ya waya yasikae chini wala ndani ya kisima. Pompe ya kuzama inabebwa kwa kamba yake; kuivuta kwa waya wake wa umeme ni kutengeneza kifo cha kesho. Kiisha radi: mashariki ya Kongo ni kati ya pande za dunia zinazopigwa na radi nyingi zaidi, hilo munalijua bila kuambiwa. Mawingu yakijikusanya, ondoeni prize. Kuzima tu hakutoshi, maana radi inaruka pale kidude cha kuzimia kinapokatia.

Pano ya jua, na tanki pahali pa batri

Tunarudi ku kisima chetu cha mfano, kile chenye kulipa litri 226 kwa saa. Tunataka litri 1500 kwa siku, kupanda mita 10, na tunahesabu 12 kwa akiba. Kupandisha litri 1000 mita 10 kunaomba nguvu ya wati-saa 27. Kwa litri 1500 na mita 12 ni karibu 49. Pompe ndogo za jua zinapoteza sana, tuseme sehemu 3 tu kwa 10 ndizo zinazofika ku maji: tunahitaji wati-saa 165 hivi. Kwa kupanga, hesabuni saa 4 za jua kamili kwa siku. Hiyo ni wati 41. Mawingu, vumbi na joto vinakula sehemu yao, basi chukueni pano moja ya wati 100. Moja tu! Litri 1500 ni bidoni 75, na tunajua ni vichwa vya nani vinavyozibeba.

Angalieni tena. Litri 1500 kwa saa 5 ni litri 300 kwa saa, 5 kwa dakika. Kisima kinashuka kama sentimita 33 tu, kiisha kinajaa usiku. Na kwa mwendo huo wa pole, lile tiyo la milimita 20 lililokula mita 10 sasa linakula chini ya nusu mita. Pompe dogo, tiyo la bei nafuu, kisima kisichokauka. Kwa nyumba nyingi za Kindu, na kwa visima vifupi, hii ndiyo njia tunayoipenda, ijapo siku ya kwanza bei yake inashitua.

Shida yake ni waya. Pompe hizi zinatumia volti 12 ao 24. Ampere 4 ku waya wa milimita 1,5 za mraba, urefu wa mita 60, zinapoteza volti 5 na nusu. Ku umeme wa volti 220 ni kitu kidogo, ku 24 ni karibu robo. Dawa ni kuweka pano karibu na kisima. Tunajua jibu lenu: pano ikikaa mbali na nyumba, wezi wataibeba. Ni kweli. Basi iwekeni ku paa la nyumba, lakini mulipie waya wa milimita 6. Chagueni kimoja.

Pano itazame kaskazini kidogo, maana tuko kusini ya ikweta, na iinamishwe kama digri 10 ili mvua iisafishe. Kivuli cha tawi moja la mwembe, kikigusa kona ya pano, kinaweza kukata sehemu kubwa ya umeme wake.

Batri musinunue juu ya pompe. Batri inachoka kwa miaka michache, tanki halichoki. Jua likiwepo, jazeni tanki. Usiku maji yanashuka yenyewe.

Bustani za pembeni ya Lualaba

Ku mto mambo ni mengine: maji hayaishi, na motopompe ya esansi ya inchi 2 ina haki yake pale. Lakini mto unashuka wakati wa kiangazi na ukingo unakuwa mrefu. Watu wanaongeza tiyo ya kuvuta kila wiki, paka siku moja pompe inagoma juu imepita mita 7. Fanyeni kinyume: teremsheni moteri karibu na maji, ku kijukwaa kilichokatwa ku ukingo, pahali pa wazi penye upepo, na muongeze tiyo ya kusukuma. Kusukuma pompe inaweza mbali, kuvuta haiwezi. Chujio lifungwe ku chupa tupu ao kipande cha mti chepesi lielee nusu mita chini ya uso, lisilale ku mchanga. Mchanga unakula visu vya pompe kama tupa. Na jioni moteri irudi nyumbani, mvua ya mbali inaweza kujaza mto wakati munalala.

Maji ya pompe si maji safi

Tuseme hili upesi. Pompe haisafishi kitu. Faida yake ni kwamba kisima kinaweza kufunikwa, ndoo chafu na kamba za matope hazishuki tena ndani. Choo kikae mbali, mita 15 kwa uchache, na 30 ni bora, upande wa chini wa mteremko. Maji ya kunywa muyachemshe ao mutie klore, hata yakitoka ku robine ya kung'aa.

Kununua kwa pamoja

Jamaa tano zikinunua pompe za aina moja, zinaweza kuwa na akiba moja ya vyombo: mpira wa kuziba, klape, kondensateri, utepe wa maungio, fyuzi. Zikinunua aina tano, kila moja itangojea peke yake. Na hapa kwetu kungojea si siku mbili. Vyombo vinakuja na treni toka Lubumbashi, ao kwa barabara, ao kwa ndege, na wakati nyanya zinakauka hakuna anayejua treni itaingia lini. Kwa hiyo sehemu ya kumi ya bei ya pompe iwekwe kando siku ile ile ya kununua, iwe makuta ya vyombo. Mbele ya kulipa, muambie muuzaji aweke pompe ndani ya beseni la maji na kuiwasha mbele yenu. Muulizeni tena mpira wa kuziba wa pompe hiyo uko wapi. Kama hana, aseme atauleta siku gani, na jibu lake aliandike ku fakture kwa mkono wake.